Mawese Ukutani

Wifi yangu Skolastika alipiga simu Jumanne:
nakuja na treni ya Ijumaa, msijisumbue.
Nikaanza kujisumbua hapo hapo.

Nilikunja nguo zilizolala kwenye kochi tangu Pasaka.
Sijafika nusu ya rundo, Butoyi yumo ndani ya beseni,
anapiga kasia kwa mwiko,
anavuka kwenda Kongo, na abiria wake
ni viatu vitatu, kimoja cha baba yake.
Bukuru, pacha mkubwa, ndiye bandari yote:
anadai nauli, anadai nauli,
mpaka nikamlipa punje ya karanga.
Kiza, mfuata mapacha kama jina lake linavyosema,
kakaa chini ya meza
anakula udongo aliouleta mwenyewe kiganjani.

Udongo wa Mwanga huu
mwekundu, hauna adabu, haupigi hodi.
Nafagia alfajiri; saa nne umesharudi;
adhuhuri umekaa juu ya shuka kama mwenye nyumba
aliyekuja kudai kodi.

Zamani nilikuwa mtu wa vitambaa.
Kitambaa cha kufuma juu ya kiti, juu ya redio,
juu ya kitambaa kingine.
Kwetu Kasulu sakafu ilisuguliwa
hadi ukainama ukajiona meno.
Tuliingia kwa ncha za vidole.
Kucheka, tulichekea uani.

Alhamisi nikamwita fundi Hamimu na ndoo yake ya chokaa.
Akapaka, akapaka, akafika nyuma ya mlango, akasimama.
Pale pana viganja.
Siku ile ya ugali wa muhogo na migebuka
waliikuta chupa ya mawese wazi,
wakajipaka hadi viwiko,
wakapiga mihuri ukutani kama maofisa:
mihuri sita, mmoja mdogo
mfano wa jani changa la kisamvu.

Fundi akapaka. Viganja vikazama.
Tukanywa chai. Vikaibuka,
kwanza kama kivuli cha mtu anayechungulia,
kisha rangi ya chungwa kabisa, vidole na vyote.
Akapaka mara ya pili. Vikaibuka.
"Mama," akasema, anajifuta jasho,
"mawese hayasikii chokaa.
Labda nikwangue, nipige rangi ya mafuta.
Au mhame."

Nikamwita Bukuru, nikamsimamisha pale.
Kiganja alichokipiga siku ile
kwa kunyanyua visigino na kutoa ulimi
sasa kiko usawa wa pua yake.
Mvua moja tu imepita katikati.
Mvua moja.

Acha, nikamwambia fundi.
Akapokea hela yake, hakubishana,
akaondoka na alama ya kidole cha Kiza kwenye suruali.

Sisemi uchafu ni sifa.
Mende nawaua.
Vyombo naosha, ila si vyote, na si leo.
Lakini vile vitambaa vya kufuma
kimoja ni tanga la beseni,
kingine ni shela ya bibi harusi mwenye miaka minne,
cha tatu sijui kilipo, na sikitafuti.

Treni ilichelewa.
Wifi akaingia saa tano usiku,
sufuria la maharage bado linaloweka,
akakanyaga gunzi, akayumba, akashika ukuta
pale pale kwenye viganja.
Hakusema kitu juu ya nyumba. Aliuliza choo.
Aliporudi akamkuta Butoyi
kalala ndani ya begi lake lililo wazi,
shavu juu ya kitenge kipya, zawadi yangu,
bado kina karatasi ya dukani.

Nikainama nimtoe.
"Muache," wifi akanong'ona, "kitenge si kinafuliwa?"

Nikaangalia vidole vya mwanangu, vinavyong'aa
kwa mchuzi wa usiku ule,
navyo vimeshikilia kitambaa kwa nguvu.
Nikanyamaza.
Nikaenda kumpashia wifi chakula.