Kona ya Kumi na Nne

Gavina alihesabu kona, Bachisio lita:
kila mmoja na hofu yake mapajani.
Fiati kuukuu ilipanda ikikohoa,
bahari ya Sardinia ikabaki nyuma, kipande cha bati
kati ya milima miwili.

Kondoo wakaziba njia. Mchungaji hakuwaharakisha,
akainama dirishani: "Nyie wa wapi?"
"Wa kona ya kumi na nne," Gavina akajibu,
na mumewe akacheka, kicheko cha kwanza tangu mazishi.

Kileleni ukungu ukameza boneti.
Bachisio akazima injini, akavua miwani,
akampa mkewe funguo bila neno.

Wakateremka kwa gia ya pili,
jibini likibingirika kiti cha nyuma
kila kona,
kama mtoto anayekataa kulala.