Kwa Shekuwe, Anayekwenda Chekechea

Ulikuja na kilio,
macho hayana tulio,
taa ndiyo kimbilio,
dunia ni kifuani.

Arubaini kutimu
ukatoa tabasamu,
ukampa Mwanahamu,
nami nikiwa jikoni!

Ukaketi, ukapinda,
kinyumenyume ukenda;
kile ulichokipenda
kikabaki mkekani.

Kijiko nikikificha
zamani ulikiacha;
sasa unatia kucha
kukitafuta lesoni.

Chokaa ukaishika,
mara tisa wadondoka,
mara ya kumi wafika
mpaka kizingitini.

Na "punda" kwako likawa
jina la paka na njiwa,
hata muuza maziwa
abishaye mlangoni.

"Mwenyewe!" ukarudia;
ndara yako ya kulia
kushoto ukaitia,
ukashuka barazani.

Gunzi ukaliendesha,
"Pii!" watu wakapisha,
ila punda, alibisha,
vichochoroni Langoni.

"Kwa nini Lamu kisiwa?
Kwa nini mwezi huliwa?
Na mbona sikugawiwa?"
wauliza kitandani.

Leo begani mkoba,
ndani mahamri saba,
wanikataza kubeba,
waenda chekecheani.

Mkono umechomoa,
kwaheri hukuitoa;
nasimama, nakohoa,
joto lako kiganjani.