Nyuzi Mbili Chini ya Sifuri

Faili namba kumi na saba ni jembamba:
karatasi nne, na picha ya mti.
Mimi karani, Martigny, ghorofa ya pili,
kazi yangu muhuri na kunyamaza.

Ludivine Roduit analima aprikoti kule Saxon.
Usiku ule wa Aprili, jalidi iliposhuka bondeni,
aliwasha mishumaa mia mbili katikati ya maua,
akakimbia na kiberiti mpaka vidole vikafa ganzi.
Mia mbili, kwa miti elfu moja na mia tatu.
Mmoja aliuweka chini ya mlingoti
penye kipimajoto cha bima.
Hakufikiri. Pale upo mti alioupanda mama yake.

Mkataba ulikuwa mahiri. Ndivyo ulivyoitwa.
Ukisoma nyuzi mbili chini ya sifuri kwa saa tatu mfululizo
hulipa wenyewe,
bila wakala, bila saini, bila njoo kesho.
Ulisoma nyuzi tatu juu.
Ukafunga hesabu saa kumi na mbili na dakika moja asubuhi,
ukaandika hakuna deni kwenye blokcheni,
na hakuna deni ile ikanakiliwa katika kompyuta elfu tisa
ambazo hazijawahi kunusa ua.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga.
Hapa daftari lipo. Habari ipo, hadi sekunde.
Mali ndiyo sijui.

Tumeandika barua.
Malta, ilikosajiliwa kampuni, wamejibu kwa adabu:
sisi tulikagua mfumo, mavuno hayatuhusu.
Singapuri, zilikolala fedha, wanauliza:
mashine ilikosea, au ilitii?
Kijana aliyeandika msimbo yuko Montevideo,
anaitwa Nahuel, alijibu saa nane usiku:
Niliuandika mtu asiweze kuubadilisha.
Ndicho mlichotaka. Hata mimi siwezi. Poleni.
Hilo poleni nililisoma mara mbili.

Wakili wa kampuni akasimama, tai ya kijivu:
Mheshimiwa, msimbo ndio sheria.
Hakimu Dayer akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa joho.
Msimbo wako, bwana, unaujua mshumaa?
Wakili akapekua, akapekua.
Neno hilo halimo.
Karani, andika: halimo.

Nikaandika. Kwa wino.
Hukumu itatoka Septemba,
na ikitoka, ibishe hodi wapi?
Mkataba hauna mlango,
hauna ng'ombe wa kukamatwa, hauna hata aibu.

Jana Ludivine alileta kikapu,
matunda ya mti ule mmoja.
Kanuni zinanikataza zawadi,
kwa hiyo niliyahesabu mbele yake, nikayasajili:
Kielelezo D, aprikoti kumi na moja.

Leo asubuhi yamebaki kumi.
Nimekata ile moja kwa rula,
nikatia saini pembeni.