Safu Tupu

Tandahimba, saa nne usiku, feni imekufa.
Naunganisha majedwali matatu:
wakulima, mizani, malipo.
Mawili yana safu iitwayo "jina";
mara ya kwanza ghala lilimmeza mtu,
nikapata mkulima aitwaye Ghala la Mahuta.

Kila safu nikaipa lakabu yake.
Nikaiambia kompyuta: kilo ni namba, si maneno,
tarehe ni tarehe,
na malipo huenda yasiwepo.

Ndipo akatokea Somoe Nachilongo:
gunia sita, kilo mia nne themanini na moja,
kisha, upande wa malipo, patupu.

Mchopa anapiga miayo: weka sifuri, tulale.

Sifuri ni jibu.
Huyu hajajibiwa.
Naiacha wazi. Namba yake ya simu
naiandika kiganjani.