Ncha ya Pili ya Kamba

Ijumaa saa sita mchana tasnifu iwe mezani kwa Hrólfur.
Leo Jumatano, Akureyri, theluji imeziba dirisha la chini,
nami nina marejeleo mia nane na kumi na mawili
ndani ya programu isiyojua kupiga miayo.

Sikatai, imenifaa.
Nikibadili mtindo, nayo inabadili
koma, mabano, herufi za mlazo,
kurasa arobaini kwa pumzi moja,
kazi iliyomtoa mama machozi enzi zake,
kwa kadi na gundi na kalamu inayovuja.
Ila yake ni moja tu: haijui majina yetu.

Kwetu jina la mwisho si la ukoo.
Ni baba kasimama nyuma ya mtoto, basi.
Mimi ni Eydís, binti Njáll;
nikizaa, mwanangu atasimamiwa na babake, si na Njáll,
na kitabu cha simu hutupanga
kwa jina tunaloitiwa chakula.
Programu haitaki kusikia. Ina visanduku viwili:
jina, ukoo.
Nikiacha kimoja kitupu, kinawaka chekundu
kama jicho la mdai.

Usiku wa manane ikaniuliza kwa adabu:
"Rudufu tatu zimepatikana. Ziunganishwe?"
Ketilsdóttir, S. Vipimo vya barafu, 1958.
Ketilsdóttir, S. Vipimo vya barafu, 1961.
Ketilsdottir, S. Ya 1961 tena, o bila mkwaju wake,
kazi ya mtu aliyekuwa na haraka.
Nikabofya ndiyo.
Usingizi ndio uliobofya.

Kulipokucha nina mwandishi mmoja
aliyepima ulimi ule ule wa barafu
kwa miandiko miwili ya mkono:
mmoja umelala kama nyasi zilizokanyagwa,
mwingine wima, misumari mitupu.

Nikapiga simu Húsavík, makao ya wazee.
Sauti ikakohoa kwanza, kisha ikacheka.
"Steinvör ni dada yangu, marehemu. Mimi Sunnefa.
Tulilala kitanda kimoja, koti tulivaa kwa zamu,
buti tulikuwa na jozi moja na nusu, usiniulize.
Lakini usituunganishe, mwanangu.
Sitini na moja ni yangu.
Lile kosa la mita nne, la hamsini na nane, ni lake,
na mpaka anakata roho hakulikiri."

Nikauliza: na ncha ya pili ya kamba, aliishika nani?
Kimya. Kifaa chake cha masikio kikakwaruza.
"Yake nilishika mimi. Yangu alishika yeye.
Ulidhani kamba hujishika?"

Nimewatenganisha.
Nimeandika Steinvör kwa ukamilifu, Sunnefa kwa ukamilifu,
jina zima katika kisanduku kimoja, kiwake kikitaka.
Kisha nikaipitia orodha ya aina za vyanzo:
kitabu, makala, ramani, hotuba, barua,
hukumu ya mahakama, hata filamu.
Aliyeshika kamba hayumo.

Nikaandika mwenyewe, tanbihi, ukurasa wa themanini na nane:
Kamba ilishikwa na Sunnefa.
Nikabofya sasisha. Programu ikaifuta,
kwa kuwa haikutoka kwake.
Nikaandika tena.
Ikafuta tena, bila kinyongo.

Alhamisi, saa tisa za usiku,
nikaenda chini kabisa ya menyu, pasipokwenda mtu,
nikachagua kuukata waraka na maktaba yake.
Ikanionya: hatua hii hairudi nyuma.
Nikabofya, safari hii macho makavu.

Sasa kila jina ni wino tu, halifungwi na chochote.
Hrólfur akitaka koma ihame,
nitaihamisha kwa kidole changu, moja moja,
mara mia nane na kumi na moja.