Udongo Huu Naujua

Tuliingia kwa lango la Lang'ata saa kumi na mbili na robo,
mimi na mama, ndani ya Vitz ya Musembi
yenye tumbo la kugusa nyasi
na kioo cha pembeni kilichofungwa kwa utepe.
Askari akainama, akalitazama gari, akatutazama sisi:
"Jana ilinyesha. Msiteremke bondeni."
Mama akamjibu kwa heshima zote
kwamba sisi hatuendi mbali, tunatazama tu.

Miaka ishirini na miwili alifua shuka na suruali
katika chumba cha chini cha hoteli moja ya mjini,
chumba kisicho na dirisha,
na mbuga zote za nchi zilimfuata humo
zimekunjwa ndani ya mifuko ya nguo chafu.
Vumbi jekundu: hawa wametoka Tsavo.
Jeupe kama jivu: Amboseli, hilo ni la maji matupu.
Simba hakuwahi kumwona.
Aliona magoti ya suruali
ya mtu aliyepiga magoti kumpiga picha.

Sasa amekaa mbele, mkoba mapajani,
mkanda umemkaza kama mwana mbelekoni.
"Polepole. Hii si barabara ya Mombasa."

Twiga watatu wakachomoza kwenye migunga,
na nyuma yao mji, maghorofa yote,
yamefika mabegani mwao tu.
Mama hakuhesabu twiga.
Alikuwa akihesabu maghorofa, kidole kwenye kioo,
moja, mbili, lile lenye mnara, linalofuata...
"Pale. Mimi nilikuwa chini ya pale."

Simba jike tulimkuta kwenye kivuli cha nguzo ya reli,
amelala chali, miguu hewani,
kama bawabu ambaye mwenye nyumba amesafiri.
Treni ya Suswa ikapita juu yake ikinguruma.
Yeye akatikisa sikio. Moja.
"Hana haya huyu," mama akanong'ona,
na ndipo mimi, kwa tamaa ya picha nzuri zaidi,
nikarudi nyuma kidogo, kushoto kidogo,
na gurudumu la mbele likasema *pwaa*.

Nikakanyaga mafuta. Matope yakaruka hadi paani.
Nikakanyaga tena. Tukazama zaidi.
Simba mita thelathini, kibao kinasema usitoke garini,
na nambari iliyoandikwa kwenye tiketi
inasema mteja hapatikani kwa sasa.

Nilianza kulia, nasema kweli.
Mama akafungua chupa ya chai.
Akanimiminia, akanipa kipande cha nduma,
kisha akateremsha kioo inchi mbili
("Mama!")
akapenyeza mkono, akakwangua mlango,
akasugua kati ya kidole na gumba, akanusa.

"Udongo huu naujua."

Akasema kama anayemtaja mtu
aliyehama mtaa bila kuaga.
"Huu mweusi ndio ulionikesha.
Ukiuchemsha unaingia ndani ya uzi, hautoki tena.
Ukiumwagia maji unacheka.
Unauacha ukauke wenyewe. Unapiga brashi.
Ndipo magadi, ndipo limau, ndipo jua."
Akautazama mkono wake muda mrefu.
"Kumbe ulikuwa hapa hapa. Dakika ishirini."

Saa nzima baadaye akaja bwana mmoja na pikapu,
watoto wanne nyuma, kamba moja, maneno mengi.
Akatuvuta. Akakataa pesa, akakubali nduma.
Tulipogeuka, kivuli cha nguzo kilikuwa kitupu,
na kati yetu saba
hakuna aliyemwona simba akiinuka.

Jioni Musembi akapiga simu, sauti imempanda:
gari lake, viti vyake, nani ataosha?
Mama alikuwa mezani, anakula,
sketi ileile, pindo limekakamaa kwa tope.
Hakuinua kichwa.
"Mwambie asilimwagie maji," akasema.
"Aliache likauke kwanza."