Pima

Kisima chetu hapa Ziwa la Ng'ombe
kilikuwa cha pima kumi na moja.
Nazijua kwa mikono: kamba hii nimeivuta
tangu nina mimba ya Nyamvula
hadi leo meno ya utoto yanamng'oka.
Mwisho huu wa Juni ni pima tatu.
Kamba iliyozidi imelala ukingoni,
imejikunja, haina shughuli,
kama kuli aliyestaafishwa bandarini.

Mvua ilikwisha. Nasema ilikwisha.
Wiki ya tatu hii jua linachoma,
kanga zinakauka kabla ya adhuhuri,
na maji bado yanapanda.
Hayatoki juu. Yanatoka chini ya jiwe,
kwenye matundu ya matumbawe,
kimya, bila hodi,
na saa nane za usiku nasikia sakafu ikipumua.

Bahari tunaijua. Hujaa, hupwa,
ina saa zake kama mwajiriwa.
Hili halina saa.

Miaka yote tulilitamka jina la mtaa
kwa wenye bodaboda, kwenye fomu za shule,
kwa karani wa mkopo aliyeandika bila kuinua kichwa,
wala hakuna aliyeuliza: ziwa lipi?
Ng'ombe wa nani?
Sasa yangeyange wamekuja, weupe, kumi na wawili,
wamesimama palipokuwa na duka la mkaa,
wanageuza shingo huku na huku
kama waliombiwa mifugo ipo.

Bwana Mwadzaya alikuja kudai kodi
suruali ameikunja, viatu mkononi.
Ana hatimiliki yenye muhuri mwekundu,
ana bikoni nne, mbili zimezama.
"Kodi ya nyumba," nikamuuliza, "au ya ziwa?"
Akacheka, kisha akaacha kucheka,
akanionyesha kwa kidole mpaka wake ulipo.
Chura akaruka kutoka hapo.

Kadzo ameipandisha cherehani juu ya matofali,
anashona mapazia miguu imo majini,
kanyagio likishuka linanong'ona chwa, chwa,
na wateja husimama mlangoni
wakipokezana kitambaa juu ya vichwa.

Kuna jambo hatulisemi mbele ya wageni:
kisima na choo, waliokuwa majirani wa mbali,
siku hizi wanaamkiana.
Tunachemsha. Tunatia vidonge.
Chai ina ladha ya hospitali.

Kwenye fremu ya mlango nina alama mbili.
Za msumari ni za urefu wa Nyamvula,
moja kila siku yake ya kuzaliwa.
Za mkaa ni za maji, moja kila Ijumaa.
Tangu Mei mtoto hajaongeza hata ukucha,
maji yameshampita goti.
Majirani humtania kwa jina lake,
wanasema wewe ndiwe uliyeiita mvua, irudishe,
naye hujibu hawezi, ana kazi:
ana viluwiluwi kwenye kopo la siagi,
anangoja waote miguu.

Jana baba yake alishika kisu,
alitaka kipande cha kamba ya kuanikia.
Nikamwambia, ngoja.
"Ya nini kamba ndefu," akasema, "na maji unayachota kwa kuinama?"
Kweli nainama. Nauona uso wangu karibu mno,
naona hata kovu la tetekuwanga
nililokuwa nimelisahau.

Lakini sikumpa.
Nimeianika kamba yote, pima kumi na moja,
kutoka dirisha letu hadi dirisha la Kadzo na kurudi,
nimeigeuza mara mbili isioze,
na jioni nimeikunja, nimeitundika msumarini
juu ya alama zote,
za mkaa
na za mtoto.